Ufa Aliouficha Bujiku

Mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe leo hujiwekea akiba ya machozi yake mwenyewe. Bujiku wa Runzewe alilijua hilo akiwa amechelewa.

Mwaka 1996, taasisi moja ya ng'ambo inayochunguza mambo ya kale ilikuja kufukua tanuri ambalo wahenga walilitumia kuyeyusha chuma. Bujiku, mtu mzima aliyesifika kwa uaminifu, aliwekwa kuwasimamia vibarua. Mmoja wao alikuwa Abel, mwanawe pekee, aliyesalia baada ya ndugu zake wanne kuzikwa wachanga. Alimpenda kama mboni ya jicho, na tangu utotoni hakuwahi kumkemea.

Asubuhi moja, akifagia sakafu ya shimo la watafiti, Bujiku aliona tundu lililozibwa kwa majani chini ya ukuta. Alichungulia. Mtu alikuwa amechimba njia ya kufuata mwamba wa dhahabu, na humo ililala sururu ya Abel. Juu ya tundu, ufa mwembamba kama unywele ulipanda ukutani.

Alimvuta mwanawe kando. "Abel, unajichimbia kaburi!"

"Baba, ukisema nitafukuzwa, na mke wangu ni mjamzito." Machozi yalimlengalenga. "Siku mbili tu, kisha naacha."

Bujiku akayarudisha majani juu ya tundu.

Mchana alifika Dokta Heena, mkuu wa utafiti, binti wa wenye duka mjini Shinyanga aliyesomea ng'ambo.

"Shikamoo, Mzee Bujiku. Ufa huu umetoka wapi? Kuna aliyechimba chini?"

"Marahaba, Dokta. Hapana. Ni jua tu, udongo unakauka."

"Una hakika? Maana mimi nakutegemea wewe."

"Nina hakika."

Tangu hapo hofu ilimganda kama kupe. Hata kokoto ikidondoka shimoni, alishtuka.

Kesho yake asubuhi mvua kubwa ilinyesha, vibarua wakakimbilia chini ya turubai. Bujiku aliwatazama mmoja mmoja. Abel hakuwamo! Alitimua mbio hadi shimoni. Majani yalikuwa yametupwa kando, na ufa sasa ulitosha kuingiza mkono.

"Abel! Toka!"

"Nakuja, Baba, ngoja kido—"

Ukuta ukaporomoka kwa kishindo.

Bujiku alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Wenzake walikuja na makoleo. Chini ya tope sauti iliita, "Baba!" Ikaita tena, hafifu zaidi. Kisha ikabaki mvua peke yake.

Walipomtoa, alikwisha kata roho.

"Mzee, jana nilikuuliza," Dokta Heena alisema.

"Uliniuliza, Dokta. Nilichelea Abel asije akalia."

Akamkumbatia Abel kifuani, akaangua kilio ambacho hakuna aliyethubutu kukinyamazisha. Hakika, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.