Jina la Kwanza Kwenye Makala ya Mgongo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na Sikitu, muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya rufaa.

Siku hiyo kitandani alilala kifudifudi Mzee Ndembo, seremala aliyekuwa hajakaa kitako miezi mitano. Pingili zilibana mshipa wa fahamu, mguu ulikuwa unakufa. Alipigwa ganzi nyepesi ya mgongoni tu. Macho wazi, mdomo wazi zaidi. Mpasuaji, Profesa Kisamo, alitaka kupita kwenye tundu dogo kama kitufe cha shati. Akashika mrija wa kupitishia kamera. Ukamponyoka, ukapondeka. Hospitali nzima ilikuwa na huo mmoja.

"Basi, tunapasua mgongo wote," alisema Profesa.

"Mgongo wa nani?" aliuliza Mzee Ndembo.

Sikitu alikuwa na wazo kwa miaka miwili, lakini nani humuuliza muuguzi? "Profesa, tukate bomba la sindano kubwa liwe mrija. Jipya, safi, na linapitisha mwanga."

Profesa akamtazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Mzee, unakubali?"

"Fanyeni, mradi msinipasue kama samaki sato."

Bomba likaingia. Damu ikaziba kamera. Profesa hakuona kitu, akapapasa, na Mzee Ndembo akapiga ukelele: "Hapo pana moto! Toka hapo!" Profesa akahama, akanyofoa kipande cha pingili kilichobana. Siku ya pili mzee alitembea, akidai chai.

Dakta Zubeda, aliyekuwepo chumbani na bado anasomea upasuaji, akaandika makala kuhusu njia hiyo. Jarida la kitabibu likakataa. Akaandika upya; likakataa. Mara ya tisa mhariri akajibu: "Tumekubali. Njia hii itaitwa kwa jina la mwandishi wa kwanza. Tutajieni leo."

Sikitu akaisoma makala. Jina lake lilikuwa mwisho, kwenye shukrani, tena limekosewa: "Sikutu". Akaenda ofisini kwa Profesa, akamkuta na Zubeda, pamoja na Mzee Ndembo aliyekuja kliniki.

"Bila bomba langu mngeandika nini?" aliuliza.

"Bomba haliingii mgongoni lenyewe," alisema Profesa. "Mzee angepooza, angeshtakiwa nani? Wewe?"

"Profesa, wewe kwenye makala uliongeza koma moja," alisema Zubeda, "na haikuwa mahali pake. Nisingeandika mara tisa, nani angejua?"

"Na kamera ilipopofuka, aliyeona ni nani?" Mzee Ndembo alijipiga kiunoni. "Mgongo wangu, kelele zangu!"

Wakabishana hadi Profesa akaitwa kwenye upasuaji wa dharura. Akainuka, akiamini muuguzi hatathubutu kuandika jina jingine ila la Profesa. "Sista, umetusikia. Jaza jina wewe, mimi kuna kichwa kinanisubiri."

Sikitu akaketi kwenye kiti cha Profesa, akavuta kompyuta, akaandika jina moja, akatuma.

Aliandika lipi, hakuniambia. Nanyi mliokaa kimya muda wote huu, semeni: mwenye wazo, mwenye kisu, mwenye kalamu na mwenye mgongo, je, nani alistahili?