Mwanamke Aliyepanda na Kugeuka

Mwanamke mmoja alikuwa na mama yake juu ya mlima, naye mwenyewe akikaa chini. Jina lake Nakijwa, fundi cherehani wa Upareni. Mama yake aliitwa Nanzia. Kati ya binti na mama palibaki njia ya miguu tu, kwa maana barabara ya gari ilikuwa imechukuliwa na maporomoko ya masika, na walioahidi kuitengeneza walikuwa bado wanaahidi. Mama alikuwa amezeeka mno kushuka. Binti alikuwa mzito mno kupanda. Wakawa wanatumiana salamu kwa vinywa vya wapita njia, kama watu waliotenganishwa na bahari.

Nakijwa hakuwa mzito tangu ujana. Lakini cherehani ni kazi ya kukaa, na watoto wake walipoondoka mmoja mmoja kwenda kuanza maisha yao, sufuria haikupungua. Chakula alichokuwa akiwapakulia wao akawa anakimalizia yeye, kwa sababu alilelewa kuamini kwamba kumwaga chakula ni dhambi. Kila mwaka alifumua magauni yake akayaongeza kitambaa ubavuni. Fundi alikuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu.

Kuna mwaka aliamua kupungua. Alisimama mbele ya wanakwaya wenzake akaapa kwamba Pasaka itamkuta mwembamba. Akaacha ugali, akaacha chai, akaishi kwa kabichi na maji ya ndimu. Alfajiri alikimbia na vijana wa mpira hadi kifua kikawaka moto. Na kweli alipungua. Watu walimsifu njiani, naye akazipenda zile sifa kuliko alivyoupenda mwili wake. Kisha ukaja mchana mmoja akachoka. Akala sahani moja ya wali wa nazi, akajiambia kwamba nadhiri imekwisha kuvunjika, na kilichovunjika hakilindwi. Akaongeza ya pili. Miezi michache baadaye unene ulikuwa umerudi, tena ulikuja na wageni. Nakijwa akaacha kwenda kwaya.

Ndipo ikaja habari kwamba mama yake anaumwa sana. Nakijwa aliacha gauni la mtu chini ya sindano, akatoka. Mumewe, Mbazi, alimsihi awangoje watu wa kumsindikiza, hakusikia. Alipanda kwa haraka, bila kupumzika, akijilaumu kila hatua kwa miaka yote ambayo hakupanda. Alipolipita ndiva, lile bwawa dogo la kumwagilia mashamba, kifua kilimbana, macho yakaingia giza, akaanguka.

Nyuma yake walikuwa wakipanda wanaume wanne na machela. Walikuwa wanakwenda kumchukua mama mgonjwa wamteremshe hospitali. Wakamkuta binti amelala njiani, hawakuwa na la kufanya ila kumpakia yeye. Basi machela iliyokuwa ikienda kumchukua mama ikarudi na binti. Mama akangoja mpaka kesho yake, nesi wa zahanati alipoweza kupanda na dawa akamtibu hukohuko juu. Mungu alikuwa na huruma, mama akapona. Lakini Nakijwa alipoelezwa jinsi ilivyokuwa, aligeukia ukutani, na Mbazi akakaa kando ya kitanda.

Daktari alimpa dawa za presha na kumwambia apunguze uzito. Mbazi akamfariji kwa neno ambalo watu wote husema: "Ukipata nguvu, utaanza tena."

Nakijwa akalitafakari neno hilo siku nyingi. Aliitafuta ile nguvu ya kuapa mbele ya watu, hakuiona. Aliitafuta ya kukimbia na vijana, nayo haikuwepo. Katika kutafuta kwake akagundua kwamba ilikuwepo nguvu moja ndogo, ya kuamka na kwenda mpaka mahali mfereji unapokata njia, kwenye kona ya kwanza. Kona yenyewe iko karibu sana. Ukisimama pale unasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni kwa Nakijwa. Aliona aibu kuiita nguvu. Lakini ndiyo aliyokuwa nayo.

Asubuhi moja alijifunga kanga yake ya njano, akashika fimbo, akatoka. Wifi yake Namsifu, ambaye nyumba yake iko kando ya njia, alikuwa anafagia uwanja.

"Wifi, na fimbo hiyo, safari ya wapi?"

"Nakwenda kwa mama."

Namsifu akauegemea ufagio. "Kwa mama? Wifi, si juzi tu ulibebwa?"

"Leo sifiki," alisema Nakijwa. "Leo nafika kwenye kona."

Akafika kwenye kona. Akakaa juu ya ukingo wa mfereji mpaka moyo ukatulia, akageuka, akarudi nyumbani kushona. Namsifu alicheka, si kwa ubaya, bali kama anavyocheka mtu aliyeona jambo lisilo na kichwa. Na miguu ya Nakijwa haikumuuma siku ile kama macho ya wifi yake. Kesho yake akatoka tena.

Safari hii hakumtangazia mtu chochote. Hakuacha ugali wala makande. Aliacha tu kumalizia yaliyobaki kwenye sufuria, akajifunza kupika ya watu wawili, kwa sababu nyumba ilikuwa ya watu wawili. Sukari ya chai akaipunguza kidogo kidogo, kama mtu anayemwachisha mtoto ziwa, mpaka Mbazi akainywa ile chai siku moja kwa makosa na kuuliza kama sukari imekwisha dukani. Kila alipomaliza pindo la gauni alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi kukaa. Ni mambo madogo hata kuyasimulia. Wengi wenu mmeshayadharau nikiwa bado nasema.

Kona ya mfereji ilipokuwa rahisi, akasogea mpaka kwenye ndiva. Alipofika mahali alipoangukia alisimama kwa muda, akageuka. Siku nyingi aligeukia hapo. Kisha akapapita.

Ikaja harusi ya mpwa wake. Nakijwa alikula pilau, akaongezwa akala, akanywa soda, akarudi nyumbani na kipande cha keki kwenye leso. Asubuhi aliamka mzito, na ile sauti ya zamani ilikuwa imeketi kitandani ikimngoja. Ilimwambia kwamba imekwisha kuvunjika. Wakati ule wa kwanza alibishana nayo, ikamshinda. Safari hii hakubishana. Aliiacha iseme mpaka imalize, akachukua fimbo, akaenda.

Masika yalipoingia alishikwa na homa, akalala muda mrefu. Alipoinuka, mwili haukuweza kufika hata kwenye ndiva. Akarudi kwenye kona ya kwanza kana kwamba hajawahi kufika mbele ya hapo. Na hapa ndipo mimi humstaajabia. Kuanza mara ya kwanza watu wengi wanaweza, maana anayeanza mara ya kwanza hajijui. Nakijwa alikuwa anajijua. Alizijua nadhiri zake zote na mwisho wa kila moja, na bado akaenda, akakaa kwenye ukingo uleule wa mfereji bila kuomba radhi kwa mtu.

Asubuhi moja ya siku hizo alikuta kigoda kimewekwa pale konani. Alikitambua, kilikuwa cha jikoni kwa wifi yake. Akakikalia, akapumzika. Aliporudi, Namsifu alikuwa anafagia, akaendelea kufagia. Wala hakucheka tena.

Mwishowe ikaja asubuhi ambayo Nakijwa alitoka kama siku zote, akafika mahali alipozoea kugeukia, akaona pumzi ipo. Akasonga mbele. Akapumzika, akasonga. Ukungu ulikuwa umeifunika njia, hivyo hakuona kilichobaki, na pengine ilikuwa heri. Alipotokeza juu ya ukungu alikuwa amesimama kwenye migomba ya nyumbani kwao.

Hakuwa mwembamba. Alikuwa bado mwanamke mpana, ila kanga iliyokuwa ikigoma kumzunguka sasa ilifungika kwa fundo zuri, na moyo wake ulikuwa unadunda bila kutisha. Hapakuwa na vigelegele. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharage kwenye ungo. Aliinua uso, akamwangalia binti yake kutoka miguuni mpaka kichwani, kisha akaiangalia ile kanga ya njano.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Nakijwa alipiga magoti, akamshika mama yake miguu.

"Kila asubuhi nikiketi hapa naona kanga ya njano huko chini," alisema bikizee. "Inapanda, inageuka. Kesho yake ipo tena. Kuna wakati ilipotea, nikasema basi, huyo amekata tamaa. Kisha nikaiona, chini kabisa. Sikumjua ni nani, mwanangu, uso hauonekani kutoka huku. Lakini nilikuwa namwombea afike."

Akausukuma ungo kando, akampa nafasi mlangoni, wakaketi pamoja. Nakijwa alikaa kwa mama yake hadi jua lilipoanza kuinama, akateremka kwa miguu yake. Na wiki iliyofuata akapanda tena.

Basi ninyi mliowahi kuanza mkaishia njiani, niambieni: yule mama aliyekuwa akitazama kutoka juu, alikuwa anahesabu mara ambazo binti yake aligeuza mgongo, au alikuwa anaungoja uso wake urudi?