Makunyanzi ya Fathiya

"Mkaa usoni mwangu? Sirudii! Kampake mama yako!" Fathiya alifoka, akarusha kitambaa chenye masizi juu ya meza.

"Mama yangu usimtaje," Kwandu alijibu. "Ungesimama kivulini kama nilivyokuambia, usingetoka jasho."

"Jukwaani kuna kivuli gani, shoga? Nimefukuzwa shambani na mashemeji zangu, nalia, halafu nianze kutafuta kivuli?"

Wanafunzi waliokuwa wakikunja mapazia walicheka. Kwandu hakucheka. Ugomvi huo ulianza Jumatatu, na sasa ilikuwa Jumatano jioni.

Jumatatu hiyo, kikundi cha sanaa cha shule yao ya sekondari, katika kata ya Mbuba, kiliigiza mbele ya wanakijiji mchezo wa mjane anayenyang'anywa shamba la migomba na ndugu za marehemu mumewe. Fathiya, msichana wa miaka kumi na sita mwenye uso laini kama yai lililomenywa, ndiye aliyekuwa mjane wa miaka sabini. Kwandu, mwenzake wa kidato cha tatu, ndiye aliyemvika na kumpaka. Alimchora mistari ya mkaa kwenye paji la uso, akammwagia unga wa ngano kichwani, akaridhika. Jua lilipochoma, jasho lilishuka, na mkaa ukashuka nalo mpaka kidevuni. Mjane alipopiga magoti kuomba asifukuzwe, mtoto mmoja wa mbele alipaza sauti: "Bibi anavuja!" Watu waliangua kicheko hadi wakaegemeana. Machozi yaliyotarajiwa hayakumtoka mtu.

Mwalimu Danstan, mlezi wa kikundi, aliingia akiwa bado na chaki mkononi. Hakutaka kusikia nani alianza.

"Mashindano ya wilaya ni Jumamosi, mjini Ngara," alisema. "Kesho saa kumi jioni nataka kuona bibi kizee, si fundi makenika. Nikiona masizi tena, kazi ya mavazi na sura anaichukua Joan."

Joan, mwanafunzi mwenzao, alikuwa na dada mwenye saluni mjini, na sanduku la rangi za kila namna. Kwandu kuimba hakujua, mpira wa pete haukumtaka, hesabu alizipata kwa kubahatisha. Lakini mpe kipande cha gunia na sindano, atakutolea koti la askari mpaka vifungo. Mahali pekee shuleni alipoitwa fundi palikuwa pale, nyuma ya pazia. Kupanyang'anywa kungekuwa sawa na kuhamishwa shule.

"Mwalimu, labda nimuulize mtu..." alianza.

"Umuulize nini? Fundi anabuni. Anayeulizauliza ni mwanagenzi."

Kwandu akakiokota kitambaa cha masizi, akatoka.

Nje ya lango la shule aliketi Nimpaye, mwanamke mzee kutoka Kirushya aliyeuza ndizi mbivu na maharage. Wanafunzi walimwita Bibi Upupu, kwa sababu ukimgusa kwa maneno utajikuna wiki nzima. Jioni hiyo alikuwa anafunga kikapu chake. Kanga ikamlegea kiunoni. Aliishika ncha moja kwa meno, akaivuta ya pili kwa mkono wa kushoto, akapiga fundo mbele, kwa haraka ya mtu aliyefanya hivyo maelfu ya mara.

Kwandu alisimama. Yeye alikuwa amemfunga Fathiya fundo zuri la mgongoni, kama kifurushi cha zawadi. Mbona huyu anafunga mbele? Mbona kwa meno? Alipita, akatembea hatua kumi, lakini swali lilimkwaruza kifuani kama panya ghalani. Kumwuliza mtu mzima habari za uzee wake ni kutafuta laana, alijiambia. Halafu akamkumbuka Joan na sanduku lake, akageuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndizi zimekwisha."

"Sitaki ndizi. Nataka kuuliza."

"Njia?"

"Hapana, bibi. Uzee."

Nimpaye alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Uzee umekufanyaje?"

"Unaanzia wapi?"

Maneno yalikwisha kutoka, hayakuweza kurudi. Kwandu aliupima umbali wa kukimbia. Mabega ya yule bibi yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Kaa chini, mwana wanje, mwanangu. Miaka yote watoto wa hapa wananiuliza bei tu." Akamsogezea kipande cha gunia, akaendelea kwa lafudhi ya kwao. "Wangu ulianzia begani. Nimerima tangu mdogo kuliko wewe. Hili la kuume lilikataa kazi kabla nywele hazijageuka. Mkono haufiki mgongoni. Nikifunga nyuma, nani ataifungua, wewe?"

"Ndiyo maana unafunga kwa meno!"

"Mshukuru Mungu bado yapo."

Swali moja likazaa jingine. Kwa nini kanga imepauka magotini, na kwingine rangi bado ipo? Kwa sababu siku hizi alipalilia maharage kwa magoti, kiuno kilikwisha kustaafu. Kwa nini hakuwa na mvi kichwa kizima? Nani kamwambia mvi huja zote siku moja kama mgeni na mizigo yake? Zilianza kwenye mapanja ya uso, kati ya macho na masikio, zikakaa hapo miaka. Kwandu aliuliza hadi akasahau kuogopa.

"Na... samahani, bibi. Makunyanzi?"

"Ninayo mengi. Chagua."

Kwandu aliinama karibu. Nimpaye aliweka vidole viwili kando ya jicho, akaivuta ngozi. Mikunjo ikafunguka. Ndani yake ngozi ilikuwa na weupe zaidi kuliko nje, nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka kona ya jicho.

"Mbona ndani hapajaiva na jua?"

"Jua lilipita wapi? Ukiwa shambani unakunja uso. Jua linaunguza matuta, mifereji linaiacha."

Kwandu akaruka kutoka kwenye gunia. "Nilichora kinyume! Nilipaka weusi kwenye mifereji!"

"Basi ndiyo maana walicheka," Nimpaye alisema. Habari ya bibi aliyevuja ilikuwa imemfikia yeye pia. "Ule haukuwa uso wa mtu. Ulikuwa ukuta wa jiko."

Kesho yake saa nane mchana, Kwandu alikuwa na kopo mkononi. Ndani yake alikuwa amechanganya udongo mwekundu aliouchekecha mara tatu na mafuta ya mgando.

"Udongo tena?" Fathiya alirudi nyuma. "Jumatatu mkaa, leo udongo, kesho utanipaka nini, samadi?"

"Kunja uso kama unatazama jua. Usiukunjue mpaka niseme."

Fathiya alikunja, akinung'unika kwa kona ya mdomo. Kwandu alimpaka juu ya matuta ya ngozi, taratibu, kwa ncha za vidole. Hakuchora hata mstari mmoja. Alipomwambia aachie, uso ukakunjuka, na mikunjo yote ikajichora yenyewe kwa rangi yake Fathiya ya maji ya kunde, hasa kwenye kona za macho. Kwandu akachota maji, akamrushia. Yakateleza kama juu ya jani la mgomba.

Kisha akampa kanga aliyoisugua magotini kwa jiwe na majivu. Akampaka majivu kidogo kwenye mapanja, chini ya kitambaa cha kichwa. Mwisho alimfunga kiwiko cha kulia kwa utepe, ndani ya blauzi, ili mkono usiweze kupanda wala kuzunguka nyuma.

"Sasa nitafungaje kanga?" Fathiya aliuliza.

"Una meno."

Fathiya alijitazama kwenye kioo. "Huyu ni bibi yangu mzaa baba," alisema polepole. "Kwandu, umemtoa wapi?"

Saa kumi, kikundi kizima kilikuwa darasani. Maduhu, mchekeshaji wa kikundi, alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele na mzaha wake mdomoni tayari. Mjane aliingia. Alitembea hatua tatu, kanga ikalegea, akainama, akaikamata kwa meno na kupiga fundo kwa mkono mmoja. Maduhu akainuka na kumpisha kwenye benchi. Alipogundua amempisha Fathiya, alibaki amesimama katikati, hajui akae au atoke. Hakuna aliyemcheka. Mjane alipopiga magoti kuomba shamba lake, msichana mmoja nyuma alipenga kamasi.

Mwalimu Danstan alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwandu, haya umeyabuni lini?"

Kwandu angeweza kusema jana, na sifa zote zingekuwa zake. "Sikubuni, mwalimu. Niliuliza. Nilimuuliza bibi anayeuza ndizi langoni."

"Bibi Upupu?" Maduhu alishangaa.

"Anaitwa Nimpaye."

Mwalimu alitembea mpaka dirishani, akarudi. Alimwangalia mwanafunzi aliyeigiza mzee wa kijiji, aliyevishwa tai na ndevu za pamba kama mwanakondoo. Akawaangalia mashemeji wawili walioshika majembe kama wameshika fimbo za kuchezea. Wote hao alikuwa amewabuni yeye mwalimu, akamwagiza Kwandu awavishe hivyo.

"Mavazi na sura ni kazi yako, Kwandu, mpaka Ngara na baada ya Ngara," alisema. "Na mimi nilikudanganya niliposema fundi haulizi. Simameni wote. Tai hiyo vua. Bebeni majembe na mavazi yenu, twendeni."

"Wapi, mwalimu? Mazoezi hayajaisha."

"Ndiyo kwanza yanaanza."

Walitoka kwa mstari kupitia uwanjani, mjane mbele, mashemeji wamemfuata na majembe yao. Langoni, Nimpaye aliwaona wakija, akafunika ndizi zake haraka kwa kanga. Mwalimu Danstan alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kunikamata?"

"Hapana, mama. Tumekuja kuuliza." Akachuchumaa vumbini mbele ya kikapu, na kikundi kizima kikachuchumaa nyuma yake, kwa kuwa hata mwalimu alikuwa amekwisha kujua kwamba kuuliza si ujinga.