Chupa Moja ya Damu, Wagonjwa Wawili

Mtumie hii yeyote anayesifiwa kwa wepesi wa mikono, maana yaliyompata Atupele yanaweza kumpata fundi yeyote.

Atupele alikuwa fundi wa programu za kompyuta kwenye benki ya damu, katika mji mmoja wa nyanda za juu. Programu aliyoitunza ndiyo iliyogawa damu kwa hospitali zote za huko. Daktari akihitaji damu, aliandika ombi. Programu ilitafuta chupa inayofaa, ikaiandika jina la mgonjwa, na dereva wa pikipiki akaondoka nayo.

Shida ya programu hiyo ilikuwa kuchelewa. Ndani ya programu palikuwa na kufuli: ombi moja likiingia, mengine yote yalisubiri nje hadi lililotangulia limalize. Siku zenye wagonjwa wengi, foleni ilikuwa ndefu, na wauguzi walilalamika mpaka wakachoka.

Kisha zikaja habari kwamba wageni wakubwa wangetembelea benki ile. Mkuu wake, Bwana Gwakisa, akamwita Atupele.

“Sitaki wageni wangu wasimame wakitazama kiduara kinazunguka kwenye skrini,” alisema. “Ifanye iwe na kasi.”

“Hilo dogo, bosi. Niachie mimi.”

Na kweli alikuwa na uhakika. Foleni aliiona kwa macho yake, na aliyeileta alimjua: kufuli. Akalifuta. Sasa maombi yakawa yanaingia yote kwa pamoja bila kungojana. Akajaribu kwa kutuma maombi mengi kwa mkupuo, na majibu yakarudi chapuchapu. Stoo yake ya majaribio ilijaa chupa za kila kundi, kwa hiyo hakuna ombi lililogombania chupa na jingine. Hilo hakulifikiria. Bwana Gwakisa alimsifu mbele ya ofisi nzima, naye akalala usingizi mtamu.

Siku ya wageni ikafika. Walisimama mbele ya skrini kubwa ukutani, Bwana Gwakisa akiwaeleza kwa madaha, Atupele akiwa pembeni kwenye kompyuta yake.

Ghafla yakaingia maombi mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilitoka hospitali ya misheni mlimani, la pili hospitali ya serikali bondeni. Wagonjwa wote wawili walikuwa akina mama waliotoka kujifungua na damu ilikuwa haikatiki. Wote wawili walihitaji kundi O hasi, mojawapo ya makundi adimu.

Kufumba na kufumbua, skrini ikajibu kwa rangi ya kijani: DAMU IMEPATIKANA, IKO NJIANI. Na chini yake, tena: DAMU IMEPATIKANA, IKO NJIANI.

Wageni wakapiga makofi.

Atupele hakupiga. Alikuwa anatazama namba za chupa. Namba ya kwanza na namba ya pili zilikuwa moja. Akafungua orodha ya chupa zilizomo kwenye friji. Chupa ya O hasi iliyokuwapo ilikuwa hiyo hiyo moja tu. Maombi mawili yalichungulia kwenye friji kwa wakati mmoja, yote yakaiona chupa, yote yakaichukua.

Nje alisikia pikipiki ikiwashwa.

Akamsogelea Bwana Gwakisa na kumnong’oneza. “Bosi, chupa ni moja. Tumewaahidi wagonjwa wawili.”

Bwana Gwakisa akaendelea kutabasamu kwa ajili ya wageni, lakini jasho lilimtoka. “Subiri. Waondoke kwanza, ndio tuongee.”

“Bosi, huko hospitali wameshaona kijani. Wataacha kutafuta damu nyingine.”

“Nimesema subiri.”

Atupele akamtazama mkuu wake, akawatazama wageni. Akajua kwamba akifungua mdomo, kazi yake huenda ikaishia hapo hapo. Akajua pia kwamba kila dakika anayonyamaza, kuna mtu anazidi kuvuja damu. Akanyanyua simu ya mezani, mbele ya watu wote, akaipiga namba ya misheni.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Makofi yalikuwa yamekoma, chumba kizima kinamtazama.

“Dokta Lusajo hapa,” sauti ikajibu hatimaye, ikihema.

“Daktari, ni Atupele wa benki ya damu. Ile chupa mliyoambiwa iko njiani si yenu peke yenu. Programu imeitoa mara mbili. Bondeni nao wana mama anayevuja damu, na ombi lao linasema hawana mtu wa kumtolea.”

Kisha daktari akapiga ukelele, si kwa Atupele bali kwa mtu aliyekuwa karibu naye: “Kimbia getini! Yule kaka wa mgonjwa, mzuie asipande gari!”

Akarudi kwenye simu. “Dada, kaka yake ana kundi hilo hilo, na tumeshampima asubuhi. Nimemruhusu sasa hivi tu aende, kwa sababu skrini yenu ilisema damu inakuja. Ngoja.”

Atupele akangoja, simu imebanwa sikioni mpaka sikio likauma. Alisikia mbio za viatu, mlango ukibamizwa, watu wakiitana.

“Tumempata,” daktari alisema. “Alikuwa ameshashika mlango wa gari. Chupa ipelekeni bondeni. Lakini dada, ungepiga baada ya robo saa, ningekuwa nakujibu kitu kingine.”

Atupele akampigia dereva wa pikipiki aelekee bondeni. Jioni habari zikaja kwamba akina mama wote wawili wako hai. Atupele akaenda chooni, akalia.

Aliporudi alimkuta Bwana Gwakisa amekaa kwenye kiti cha Atupele mwenyewe. Wageni walikuwa wameondoka. Akadhani anangojwa apewe barua ya kufukuzwa.

“Lile kufuli,” Bwana Gwakisa akamuuliza, “kabla hujalitoa, ulipima muda wote ule unapotelea wapi?”

“Sikupima, bosi. Niliona foleni, nikajua.”

“Na mimi nilitaka kasi, sikuuliza itapatikanaje. Kaa hapa. Tupime sasa.”

Walirudisha kufuli, wakaifuatilia programu hatua kwa hatua. Majibu yalipotoka, Atupele alishika kichwa. Kuichukua chupa na kuiandika jina kulikuwa kama kupepesa jicho. Muda wote ulikuwa unaliwa na jambo moja: kila ombi, likishajifungia ndani, lilianza kuhesabu upya chupa zote tangu benki ifunguliwe, hata zilizokwisha tumika na zilizomwagwa. Na mstari ulioagiza hesabu ile alikuwa ameuandika yeye mwenyewe.

Akaandika upya. Hesabu akaitenga, ikawa inatazama tu chupa zilizomo na kurudisha jibu, bila ruhusa ya kubadilisha chochote. Hiyo akaiweka nje ya kufuli, ambako maombi mengi yangeweza kuifanya kwa pamoja bila madhara. Ndani ya kufuli akabakiza tendo moja: hakikisha chupa bado ipo, ichukue, toka.

Wakajaribu kwa friji yenye chupa moja na maombi mengi yanayoigombania. Moja likapata, mengine yakaambiwa ukweli papo hapo kwamba hakuna. Na programu, pamoja na kufuli lake, ikawa na kasi kuliko siku ile iliyopigiwa makofi.

Bwana Gwakisa akainuka, akachukua koti lake. “Kesho uje mapema,” alisema. “Kuna programu nyingine za kupima.”

Funzo: Usiondoe kinga kabla hujapima ni nini hasa kinachokuchelewesha, na ukiona umekosea, sema hapo hapo, hata kama watu bado wanakupigia makofi.