Kwa Nini Msusi Huanza na Ncha

Sogeeni, mkae. Na wewe uliye kati ya magoti yangu, tulia. Ukitikisa kichwa nikakuvuta, shauri yako. Kila wiki ni malalamiko yale yale. Kwa nini mtoto hapakwi mafuta moja kwa moja akaenda zake, kwa nini lazima kwanza aloweshwe kama mchicha, kwa nini chanuo lianzie nchani, tena kwa nini haruhusiwi kukimbilia kucheza kabla ya lile jambo la mwisho mnalolionea haya. Haya yote yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni mtoto wa rika lenu aliyeitwa Kalunde.

Zamani hizo watu wa Ulindwa walikuwa na kisima kimoja tu, chini ya mwamba. Maji ya kupikia yalichotwa kwa zamu, na juu ya hayo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alipata kibuyu kimoja kwa siku. Kibuyu hicho ndicho cha kunywa, ndicho cha kunawa, na kikiisha umekwisha nacho. Kujimwagia maji kichwani kulihesabiwa kuwa wazimu. Walikuwa na msemo wao: maji ni ya koo, mafuta ni ya kichwa.

Na mafuta hawakuyakosa. Minyonyo iliota nyuma ya kila nyumba, hata jalalani. Wanawake walikaanga nyonyo, wakazitwanga, wakazichemsha mpaka mafuta mazito yakaelea juu, kisha wakawapaka watoto asubuhi na jioni, juu ya nywele kavu. Nywele zenyewe zilikuwa hizi hizi zenu, za kipilipili, kila unywele umejikunja juu ya mwenzake. Zikipakwa ziling'aa mpaka jua lipande. Adhuhuri vumbi lilikuwa limeshanata, na chini ya mafuta nywele zilikuwa ngumu kama kamba ya katani. Basi mama akaongeza mafuta, na ugumu nao ukaongezeka. Msiwacheke. Hawakuwa wavivu wala hawakukosa mapenzi, ila walikuwa wakimlisha mwenye kiu.

Ndiyo maana kukawa na desturi ya chanuo. Siku ya kupura mtama, kila mtoto aliyeng'oka jino la kwanza alikalishwa uwanjani mbele ya Bibi Mwashi, mzee aliyetunza wembe na aliyesimamia ugawaji wa maji. Bibi Mwashi alichomeka chanuo la mpingo kwenye paji la uso wa mtoto. Likipita mpaka kisogoni, mtoto anabaki na nywele zake za utotoni. Likikwama, wembe. Na halikupita hata siku moja. Watoto walilia kidogo, wakapewa kipande cha sega la asali, wakakimbia zao na vichwa vinavyong'aa. Nywele huota tena, walisema watu, na hakuna aliyeona hasara.

Kalunde aliiona. Mama yake, Wande, alifariki kwa homa Kalunde akiwa na miaka mitano. Alikuwa mwanamke asiyeweza kutuliza vidole. Akisimulia habari za siku, mkono mmoja ulikuwa kichwani kwa mwanawe, ukizungusha kishungi kimoja mpaka habari iishe, ukihamia kingine. Mama alipoondoka, Kalunde aliyafikiri mambo kwa akili yake ya kitoto na akafika penye kweli: nywele huota kutoka kichwani kwenda nje, kwa hiyo zile za nchani ndizo kongwe, ndizo mama alizozishika. Akiwa peke yake alizishika na yeye. Kuzinyoa kungekuwa kumzika mama mara ya pili. Hakumwambia mtu, na mtu wa mwisho ambaye angemwambia alikuwa Nyanzobe.

Nyanzobe ni mke aliyeolewa na Mihayo, baba yake Kalunde, baada ya matanga kupita na msimu mmoja juu yake. Alikuwa mfinyanzi, mwanamke wa maneno machache, na udongo haukumtoka kwenye kucha hata siku ya harusi. Majirani hawakumtendea haki. Walimweleza Kalunde, kwa huruma nyingi na bila kuombwa, jinsi mama wa kambo walivyo. Mtoto akasikiliza. Kwa mwaka mzima alimwita Nyanzobe "wewe", na Nyanzobe akaitika kana kwamba ndilo jina lake.

Mwezi mmoja kabla ya kupura mtama, jino la Kalunde liling'oka. Alilificha kwenye ngumi, akaenda kujibanza nyuma ya tanuri la vyungu, na huko Nyanzobe akamkuta analia kimya kimya. Alimuuliza kama jino linauma. Kalunde akafungua ngumi, na pamoja na jino yakatoka yote.

"Usiwaache wazinyoe," alisema. "Hizi za mwisho ndizo alizozishika mama."

Nyanzobe aliketi chini, pale pale kwenye majivu. "Basi lazima chanuo lipite," alisema.

Walianza na walichokijua. Alipaka mafuta mara mbili ya kawaida, akasubiri, akaingiza chanuo. Chanuo likavunjika meno mawili, na nywele nazo zikakatika. Vipande vya ncha vilimwangukia Kalunde mapajani, naye akaviokota kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa. Nyanzobe aliogopa kuliko mtoto. Aliliweka chanuo chini na hakuligusa tena kwa siku tatu, kwa sababu aliona kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa umeanza kazi ya wembe.

Siku ya nne Kalunde alitumwa kisimani na chungu kipya. Mnajua chungu kipya kinavyotoa jasho kabla hakijazoea maji. Njia nzima kilivuja taratibu, ngata ikalowa, na chini ya ngata utosi wa mtoto ukalowa. Nyanzobe alipomtua na kuondoa ngata, kiganja chake kilitua utosini, kikabaki hapo. Pembeni nywele zilikuwa katani ile ile. Utosini zilikuwa laini, zinabonyea na kuinuka, na kidole kilipita bila kuomba njia.

Furaha ile haikufika mchana. Jua lilipanda, utosi ukakauka, ukawa kama pembeni. Mwingine angekata tamaa. Lakini Nyanzobe alikuwa mfinyanzi, na udongo ulikuwa umemfundisha kitu ambacho Ulindwa nzima ilikuwa ikikitazama bila kukiona. Udongo mkavu ukiupaka mafuta unang'aa tu, haulainiki. Unalainika kwa maji, na ukishalainika lazima uufunike upesi, la sivyo upepo utayanywa maji yale na udongo utapasuka.

"Tumekuwa tukifunika kabla ya kulowesha," alimwambia Kalunde. "Mafuta ni kifuniko."

Basi kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, alimkalisha mtoto kati ya magoti yake. Alikigawa kichwa mafungu manne. Alichota maji kwa kiganja, kidogo kidogo, akayakamulia kwenye nywele mpaka zikanywa, kisha nywele zikiwa bado mbichi akapaka mafuta kidogo juu yake, akazisokota na kuzifunga kwa kitambaa. Siku ya kwanza Kalunde aliuliza kwa nini anaanzia nchani na si kichwani.

"Naanza na za mwenzangu," Nyanzobe alijibu, akaendelea na kazi.

Mtoto alishukuru? Wapi! Shukrani ya punda ni mateke, na mtoto anayesukwa hana tofauti kubwa na punda. Alilalamika kwamba maji ni ya baridi, kwamba shingo inamuuma, kwamba wenzake wameshaanza kucheza. Aliuliza pia maji yanatoka wapi. Nyanzobe alimwambia yapo, na kwa mtoto neno hilo lilitosha. Haba na haba hujaza kibaba. Siku zilivyokwenda nywele zilishiba, zikaacha kukatika, na kitambaa chenye vipande vya ncha hakikuongezewa tena.

Siku ya kupura mtama ikafika. Watoto saba walikaa uwanjani kabla ya Kalunde, na vichwa saba vikanyolewa. Zamu yake ilipofika, Bibi Mwashi alichomeka chanuo kwenye paji la uso kama alivyofanya miaka yote, akasukuma, na chanuo likakwama. Kalunde alisikia wembe ukichukuliwa kutoka kwenye kigae. Alifumba macho, akazishika ncha mbili, moja kila mkono.

Nyanzobe akatoka katikati ya wanawake, akapiga magoti. Alikuwa hajawahi kusema mbele za watu.

"Bibi, nakuomba chanuo lianzie nchani," alisema. "Ncha ni za Wande, yeye ndiye mkubwa. Mashina ni yangu mimi niliyekuja nyuma. Kwetu mke mkubwa husalimiwa kwanza."

Hakuna aliyeweza kulipinga hilo, kwa kuwa kweli ndivyo ilivyokuwa kwao. Mke mkubwa husalimiwa kwanza hata kama ameshatangulia mbele ya haki. Mgeni akiingia hutaja jina la marehemu mlangoni kabla ya kumgeukia aliye hai. Bibi Mwashi aliuweka wembe chini. Alichukua ncha, akachana kidogo. Akapanda juu kidogo, akachana tena, na tena, fungu kwa fungu. Kisha akarudisha chanuo kwenye paji la uso na kulivuta, nalo likapita utosini, likashuka, likatokea kisogoni. Mihayo, aliyekuwa amesimama na wapura mtama, akaangusha fimbo yake.

Lakini Bibi Mwashi alikuwa amekwisha kuhisi kitu vidoleni. Alivisugua, akavinusa. "Haya ni maji," alisema. "Maji ya nani?"

Hapo ndipo watu walipoogopa, kwani kaya iliyoiba maji ilinyimwa kisima msimu mzima. Nyanzobe aliinamisha kichwa. Bibi Mwashi alimtazama usoni, akamtazama midomo iliyokauka, na mwisho akaangalia miguu. Ulindwa vumbi lake lina magadi, na kila mtu alitunza tone la mwisho la kibuyu chake ili anawe miguu jioni. Miguu ya Nyanzobe ilikuwa imetoka magaga mpaka kwenye nyama, na ndani ya nyufa mlikuwa na udongo uliochanganyika na damu.

"Mwezi mzima hujanawa," Bibi Mwashi alisema polepole.

"Nilikunywa nusu, Bibi. Nusu nyingine ilikuwa yangu, nikaimwaga nilipotaka."

Kalunde aligeuka, akaitazama miguu ile. Kila asubuhi ilikuwa pande zote mbili za mwili wake, huku na huku, na hakuwahi kuitazama. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliona kitu kikubwa kilichomjaa kifuani mpaka akakosa pa kukiweka. Aliinuka. Alichukua kibuyu chake cha siku ile, ambacho hakuwa amekigusa, na kijungu cha mafuta kilichowekwa kwa ajili ya vichwa vilivyonyolewa. Akakaa chini mbele ya Nyanzobe. Akamimina maji kwanza, nusu kibuyu, akayapitisha kwenye kila ufa kwa kidole. Miguu ikiwa bado mbichi, akapaka mafuta juu yake. Alifanya kwa mpangilio ule ule, bila kukosea, kwa kuwa mwezi mzima alikuwa amefundishwa bila kujua.

Alipomaliza akasema, "Asante, mama."

Nyanzobe aliyepiga magoti kwa ujasiri mbele ya wembe alishindwa na neno hilo moja, akajifunika uso kwa mikono yenye udongo. Wanawake waliomfundisha Kalunde habari za mama wa kambo wakapata mambo mengi ya kutazama upande mwingine. Bibi Mwashi aliufunga wembe kwenye ngozi yake. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile, juu ya kibuyu cha kila mtu, kila mtoto ana viganja viwili vyake kisimani kwa ajili ya kichwa, na mama asiulizwe. Kisha, kwa sauti ya chini, akawaomba radhi wale saba walionyolewa asubuhi, akawaongezea sega.

Na tangu siku hiyo nywele za mtoto hupewa maji kwanza, na mafuta hufuata kama kifuniko. Tangu siku hiyo chanuo huanzia nchani, kwa heshima ya waliotutunza mwanzo, kisha hupanda kwenye mashina, kwa heshima ya wanaotutunza sasa. Na tangu siku hiyo mafuta yanayobaki viganjani baada ya kusuka hayafutwi kwa kitambaa. Yana mwenyewe.

Haya, nimemaliza. Shika kichwa chako uone, kimeshiba. Sasa inuka. Si huko mlangoni, mwanangu, huku. Maji yako kwenye kata, mafuta haya hapa, na miguu yangu unaijua.