Kinu Kilichopiga Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wenzangu. Hapo kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, wanaume wa kijiji kimoja walikwenda vitani. Wengi walibaki hukohuko. Shilinde akarudi, mikono miwili, miguu miwili. Watu wakapiga vigelegele: "Amerudi mzima!"

Binti yake Minza ndiye aliyejua.

Mama alipotwanga, twi! twi! twi!, baba alijitupa chini, akafunika kichwa. Kinu kikanyamaza. Minza akacheka, kha! kha!, baba akaruka. Kicheko kikanyamaza. Mdogo wake Lubango akilia, anazibwa mdomo kwa kiganja. Nyamaza, baba atasikia. Nyamaza, baba atasikia.

Minza akanyamaza. Lakini alichokinyamazia hakikwenda popote.

Asubuhi moja Lubango alidondosha bakuli, pwaa! Minza akamzaba kofi. Akamzaba la pili, la tatu, akashindwa kuacha. Baba akaona damu mdomoni mwa mtoto.

"Haya ni mimi nimeyaleta," akasema. Akakunja mkeka wake. "Nakwenda kuishi porini. Nyinyi mkae mcheke."

Minza akatoka mbio, mbio, mbio, hadi kwa Bibi Holo, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji.

"Bibi! Nimempiga Lubango hadi damu, na baba anahama kwa sababu yangu!"

"Vitani ulikwenda wewe?"

"Hapana, bibi."

"Basi huo mzigo si wako, utue. Makofi uliyompiga Lubango ndiyo yako. Umemwomba radhi?"

Minza akainama.

"Utamwomba. Twende, na usinikimbize, magoti haya ni makuukuu kuliko babu yako."

Wakamkuta Shilinde uani, mkeka begani. Bibi Holo hakumsihi. Alichukua mchi, akasimama kwenye kinu.

"Hodi, Shilinde!"

"Bibi, unabisha hodi nawe umeshaingia?"

"Mimi nimeingia. Kinu bado. Kelele za nyumba hii zinakuvamia kama adui, nani asiruke? Leo zitabisha. Hodi!"

Jasho likamtoka Shilinde. "Ngoja," akasema.

Wakangoja. Kuku akapita, akadonoa, akaondoka. Wakangoja.

"Karibu."

Twi. Mara moja tu. Shilinde akafumba macho, lakini hakuanguka.

Bibi akamgeukia Minza. "Na wewe, hasira yako huingiaje?"

"Inaingia tu. Kwanza masikio yanawaka moto."

"Hapo ndipo inapobisha. Yakiwaka, shusha mkono, uiseme kwa mdomo."

Masikio ya Minza yalikuwa yakiwaka wakati uleule. Akashusha mkono. Akavuta pumzi.

"Hodi, baba."

"Ngoja, mwanangu." Baba akashika ukuta. Akangoja mpaka kifua kikatulia. "Karibu."

"Nimekasirika! Nimekasirika na vita vyako. Na ukienda, nitakasirika zaidi!"

Akalia kwa sauti, sauti ya miezi mingi, majirani wakachungulia. Baba alitetemeka mwili mzima. Akatetemeka, akabaki. Kisha akaketi chini, akamvuta Minza upande huu, Lubango upande ule. Minza akamshika mdogo wake mkono: "Niwie radhi, Lubango."

Hakwenda porini. Ziko siku alizojibu, "Leo siwezi," na kinu kikangoja hadi kesho. Lakini kilitwanga.

Bibi Holo alikwishazikwa zamani. Neno lake halikuzikwa: nyumba yenye jeraha haiponi kwa kuzibana midomo, hupona kwa kubishiana hodi na kungojana.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyeisikia aibebe.