Tumbili Mtii na Ghala la Mbegu

Hapo zamani za kale, kabla Fisi hajafundishwa kuona haya, na mpaka leo sidhani kama amefuzu, kulikuwa na kijiji cha wanyama waliolima mashamba na kuweka mbegu zao zote katika ghala moja. Mlinzi wa ghala alikuwa Mama Kindi. Kila kibuyu kilichorwa alama: mbegu gani, ya nani, ya bondeni au ya mlimani. Mkulima akija kuuliza, Mama Kindi hupanda, huchungulia, kisha hushuka na jibu.

Mvua zilipokaribia, wenye maswali wakajaa mlangoni, na miguu ya Mama Kindi ikavimba. Akamwajiri Tumbili. Wanangu, huyo Tumbili kwa kazi alikuwa hana mfano. Hachoki, hasahau, hakai chini. Chupu, yuko juu. Chupu, yuko chini na jibu lako. Ila kwao mila ilikuwa moja: aliyetumwa haulizi. Neno likishamwingia sikioni, kwake ni amri, liwe limetoka kwa mwenye ghala au kwa mpita njia.

Siku ya tatu Ngiri alimwuliza kunde za Mzee Kobe ziko wapi, kisha akatania kwamba kunde kuukuu vile dawa yake ni moto. Tumbili akaenda akazitia motoni. Mama Kindi alifika zinapasuka, pa, pa, pa.

"Nani kakwambia uchome?"

"Nimesikia neno, Mama, nikalitenda," akajibu Tumbili, na macho yake hayakuwa na hila hata chembe.

Hapo Mama Kindi akaingiwa na hofu. Mwizi unamfungia mlango, lakini mtumishi mwema uliyemwingiza mwenyewe utamfungia wapi? Leo kimekwenda kibuyu kimoja. Vikienda vyote, kijiji kitapanda nini, na watoto watakula nini mwakani? Alitaka kumfukuza, akaitazama foleni, akashindwa. Kumkanya nako ni kazi bure: ukimkataza kuchoma, kesho mwingine atamwambia amwage.

Habari za kunde zilimfikia Fisi. Mama Kindi alimwona kisimani na Ngiri, wananong'ona huku wakishona magunia makubwa. Akajua yatajazwa nini.

Kwa siku mbili alifanya kazi usiku, Tumbili akiwa amelala. Alizihamisha mbegu, kibuyu kwa kibuyu, mpaka kwenye pango la nyuma, lenye tundu la kumpitisha yeye peke yake. Ghalani akapanga vibuyu vingine, alama zile zile, mahali pale pale, ndani majivu, na juu ya kila kimoja konzi ya mbegu halisi, ili Tumbili azidi kuona na kujibu sawasawa. Tumbili mwenyewe hakuambiwa kitu. Wakulima wakaja, wakauliza, wakajibiwa kama kawaida.

Siku ya tatu asubuhi Fisi na Ngiri wakajipanga foleni kwa adabu zote.

"Bwana Tumbili," akasema Fisi akikohoa kidogo, "mtama wa bondeni uko wapi? Na ukishanijibu, vibuyu vyote vimwage kwenye magunia haya."

"Uko safu ya tatu," akasema Tumbili, na papo hapo akaanza. Mwaa! Mwaa! Wakulima wakatimka, na Fisi na Ngiri wakageuka kulinda mlango.

Mama Kindi alikuwa darini, moyo unamdunda ndu, ndu, ndu. Akamsikia Ngiri akisema wakague kwanza walichopata. Wakikuta majivu, watamla yeye. Akashuka na kupiga magoti kando ya magunia.

"Chukueni, mabwana. Nawasihi tu msiyafungue hapa. Jua hili linaua mbegu."

Fisi akacheka na kufunga magunia kwa kamba. Hakuona kwamba Mama Kindi, katika kule kuinama, alikuwa akitafuna pembe za magunia. Fisi akamwuliza mbona anatetemeka.

"Nakuogopa, Bwana," akasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Wakajitwika, wakaenda mbio. Mama Kindi akapanda paani akapiga ukunga, na kijiji kizima kikafuata mstari mweupe wa majivu mpaka uani kwa Fisi. Walimkuta, Ngiri kando yake, ametumbukiza mikono guniani, uso mweupe pe.

"Ni Tumbili!" akalia Fisi. "Ndiye aliyemwaga, mimi sikugusa kibuyu!"

"Kweli, nilimwaga mimi," akasema Tumbili. "Uliniambia, 'Ukishanijibu, vibuyu vyote vimwage kwenye magunia haya.'" Akayarudia maneno yote, moja moja, hata kikohozi cha Fisi hakukiacha. Wanakijiji wakakamata fimbo.

Basi wanangu, mtumishi asiyeuliza mruhusu kuona, lakini ghala lenyewe usimkabidhi.